Lafudhi ya Sidney Poitier na usaili wa Nairobi

SWALI: Mwalimu, assalaam alaikum. Binti yangu ana umri wa miaka 19 na ameigiza tangu shule ya upili, hadi wakafika mashindano ya kitaifa ya drama. Mwezi uliopita alikwenda Nairobi kufanyiwa usaili wa tamthilia ya runinga, akaambiwa kwamba anaigiza vizuri lakini Mombasa imemjaa mdomoni, arudi akishaipunguza. Amerejea amevunjika moyo. Mjomba wake, ambaye ujanani hakuwa akikosa sinema, anamshauri afanye kama Sidney Poitier, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani, aliyejifungia na redio miezi sita, akaiua lafudhi ya kwao na kuwa nyota wa dunia. Je, habari hiyo ni ya kweli? Na mwanangu aifuate njia hiyo? Nitashukuru pia ukimtajia filamu chache za kuanzia. (Mama S., Kisauni)

JIBU: Waalaikum salaam, Mama S. Alilolisimulia mjomba si porojo la barazani; Poitier mwenyewe alilieleza mara nyingi. Ila limesimuliwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu zaidi binti yako. Redio ilikuwa kazi ya miezi michache tu katika maisha ya mtu aliyeigiza kwa zaidi ya miaka 50, na hata katika miezi hiyo haikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya.

Poitier alizaliwa Miami, Marekani, tarehe 20 Februari 1927, mtoto njiti ambaye haikutarajiwa kwamba angeishi, wakati wazazi wake walipokuwa wamevuka kutoka Bahamas kwenda kuuza nyanya. Alikuwa kitinda mimba wa watoto saba. Alikulia Cat Island, kisiwa ambacho wakati huo hakikuwa na umeme wala magari, na alipofikia umri wa miaka 10 hivi familia ikahamia Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ambako aliona sinema kwa mara ya kwanza. Ilikuwa filamu ya wachunga ng'ombe, naye akaamini kwamba Hollywood ni mahali wanakofugwa ng'ombe, akamwambia dada yake kuwa atakwenda huko akafanye kazi hiyo. Shuleni hakukaa sana. Akiwa na miaka 15 alipelekwa kwa kaka yake Miami, na mwaka uliofuata akajikuta New York peke yake, akiosha vyombo mikahawani na kulala popote palipopatikana, mpaka chooni katika kituo cha mabasi.

Siku moja, akitafuta kazi ya kuosha vyombo katika matangazo ya gazeti la Amsterdam News la Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, aliona tangazo jingine kando ya hayo: kikundi cha American Negro Theatre kilihitaji waigizaji. Akafikiri kwamba, kwa kuwa kazi nyingine zote alikwisha kuzijaribu, hata hii si vibaya kuijaribu. Aliyempokea alikuwa Frederick O'Neal, mmoja wa waasisi wa kikundi hicho, ambaye alimpa mswada na kumwambia apande jukwaani asome. Poitier alisoma neno mojamoja, akikwama na kurudia, kwa Kiingereza kizito cha visiwani. O'Neal alimpokonya mswada ule, akamwongoza mpaka mlangoni na kumwambia aache kuwapotezea watu wakati, akatafute kazi anayoiweza, kama vile kuosha vyombo. Poitier alikuwa hajamwambia kazi yake ni ipi. Akatoka akijiuliza mtu yule aliionaje, na kabla hajafika mbali alikwisha kuazimia kuwa mwigizaji, japo kwa kumwonyesha tu kwamba amekosea.

Angalia vizuri, Mama S., kilichomfukuza siku ile. Dosari zilikuwa mbili, lafudhi na kusoma, na mjomba amemsimulia binti moja tu. Lafudhi aliishughulikia kwa redio: aliinunua kwa mshahara wake mdogo, akawa akirudia maneno ya watangazaji kama walivyoyatamka, hasa mmoja aliyeitwa Norman Brokenshire. Kusoma kulimjia kwa njia nyingine. Katika mkahawa alikokuwa akifanya kazi palikuwa na mhudumu mzee wa Kiyahudi, ambaye alimkuta usiku mmoja na gazeti, akamuuliza kuna habari gani mpya. Poitier akamjibu kwamba hawezi kumwambia kwa sababu hajui kusoma vizuri. Mzee yule akajitolea kusoma naye, na kwa usiku mwingi baada ya kazi walikaa pamoja, akimfundisha maana ya maneno, na pia kazi ya mkato, nukta na alama nyingine: pa kupumzika ni wapi, na kwa nini mwandishi ametaka msomaji apumzike hapo. Poitier alimtaja mzee huyo mpaka uzeeni mwake, akisikitika kwamba alipokuja kumtafuta baadaye hakumpata.

Mimi nimefundisha sauti na maigizo hapa Mombasa kwa muda mrefu, na nikimsikiliza Poitier nasikia zaidi kazi ya yule mzee kuliko kazi ya redio. Kinachomtofautisha na waigizaji wa rika lake ni vituo vyake. Anaanza sentensi, anasimama mahali ambapo mwingine angekimbilia mwisho, anaacha lile neno la katikati litue, kisha anaendelea kwa sauti ya chini kidogo. Mtu hafundishwi hilo na mtangazaji wa redio, ambaye ameajiriwa asinyamaze. Hufundishwa na ukurasa uliosomwa polepole na mtu aliyekuwa akikiona kila kituo kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima.

Wala lafudhi yenyewe haikufa. Iliongezewa nyingine. Visiwa vilibaki katika sauti ya Poitier maisha yake yote, na mara nyingine vikamfaa. Katika To Sir, with Love ya 1967 aliigiza mwalimu mwenye asili ya Guyana anayefundisha vijana watukutu wa mashariki ya London, na hapo sauti ya mtu wa Karibi haikuwa dosari hata kidogo. Tena sikio lililozoeshwa kujifunza sauti moja halisumbuki sana kujifunza ya pili na ya tatu: mwaka 1997, akiwa na miaka 70, alimwigiza Nelson Mandela katika filamu ya runinga, Michael Caine akiwa de Klerk, rais wa mwisho mweupe wa Afrika Kusini.

Kuna mfano wa karibu nasi zaidi. Mwaka 1957 ilitoka Something of Value, filamu ya Richard Brooks kuhusu Mau Mau, ambayo sehemu zake zilipigwa hapa Kenya wakati hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa. Poitier ni Kimani, kijana wa Kikuyu aliyekua pamoja na mtoto wa mlowezi, anayeigizwa na Rock Hudson. Hakuna Mkenya atakayedhani anamsikia Mkikuyu. Hata hivyo katika tukio ambalo Kimani anapigwa kofi na mlowezi, uso wake, kabla hajasema lolote, unatosha kumwambia mtazamaji hadithi nzima inaelekea wapi. (Mjomba huenda akapenda kujua pia kwamba mwaka 1959 Poitier, mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walitia sahihi barua ya kuchangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya kwenda kusoma Marekani, katika mpango wa Tom Mboya.)

Turudi Harlem. Poitier alikwenda tena kwenye kikundi kilekile, akapokewa kwa majaribio, na alipoona wanataka kumwacha, akajitolea kufagia na kuwa msimamizi wa usafi ili aendelee kusoma bila malipo. Katika onyesho moja la wanafunzi alipewa nafasi ya akiba tu, nyuma ya Belafonte. Usiku ambao mwongozaji mmoja wa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo New York, alikuja kutazama, Belafonte hakuweza kufika, Poitier akapanda badala yake. Hapo ndipo alipopata kazi ndogo katika mchezo wa Lysistrata, mwaka 1946, na usiku wa kwanza aliingiwa na hofu hata akachanganya mistari yake, watazamaji wakacheka wakidhani ndivyo ilivyokusudiwa, na baadhi ya wahakiki wakamsifu. Mchezo wenyewe ulifungwa baada ya maonyesho manne. Nataka binti ajue haya kwa sababu mwigizaji aliyevunjwa moyo na usaili mmoja huwa anafikiri wenzake waliingia kwa mlango ulio wazi.

Filamu yake kubwa ya kwanza ilikuwa No Way Out ya 1950, ambamo ni daktari kijana anayemtibu mhalifu mbaguzi. Mwaka uliofuata ikatoka Cry, the Beloved Country, iliyopigwa Afrika Kusini. Ili yeye na Canada Lee waruhusiwe kuingia nchini humo, iliandikwa kwamba wao ni vibarua wa mwongozaji wao, Zoltan Korda. Baada ya hapo kazi zikawa chache, akarudi kwenye riziki ya mkahawa, safari hii akiwa mwenye mkahawa wa nyama ya mbavu Harlem.

Katika miaka hiyo ya ukame likatokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililomjenga kuliko redio. Wakala mmoja, Martin Baum, alimpa nafasi katika filamu, nafasi ya baba ambaye watu wabaya wanamtisha asitoe ushahidi, kisha wanamuua binti yake na kumtupa mbele ya nyumba yao, naye anabaki kimya. Mke wa Poitier alikuwa mjamzito na pesa za hospitali hazikuwepo. Poitier alikataa kazi hiyo, kwa sababu hakuweza kuigiza baba asiyefanya chochote kwa ajili ya mtoto wake. Akaenda akakopa dola 75 kwa dhamana ya samani za nyumbani ili mkewe ajifungue. Baum alishangaa, na baada ya kuelezwa sababu akaamua kuwa wakala wake, kwa hoja kwamba mtu mwenye wazimu wa namna hiyo anafaa kusimamiwa. Walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Haikuwa kila mara aliweza kukataa. Hakuitaka Porgy and Bess ya 1959, lakini alibanwa mpaka akaifanya, kwa kuwa vinginevyo angeikosa The Defiant Ones ya 1958, ile ya wafungwa wawili waliofungwa mnyororo mmoja, iliyomfanya kuwa mwanamume mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Tuzo yenyewe aliipata tarehe 13 Aprili 1964 kwa Lilies of the Field, filamu ndogo iliyopigwa kwa siku 14 huko Arizona, ambayo alikubali kuifanya kwa malipo kidogo na sehemu ya mapato. Njia hiyohiyo aliitumia katika To Sir, with Love: malipo ya awali madogo, na asilimia 10 ya mapato. Binti yako bado hajafika kwenye asilimia, lakini ajifunze mapema kuusoma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Vijana wetu wengi hutia sahihi wakiwa wamesimama, kalamu ya mtayarishaji ikiwa tayari mkononi.

Mwaka 1967 ndio uliomweka juu kabisa, maana ndani yake zilitoka filamu tatu: hiyo ya mwalimu, Guess Who's Coming to Dinner, na In the Heat of the Night. Hii ya mwisho ni hadithi ya mpelelezi mweusi kutoka Philadelphia anayekwama katika mji mdogo wa Mississippi, lakini sehemu kubwa ilipigwa Sparta, jimbo la Illinois. Poitier alikataa kwenda kukaa Kusini mwa Marekani, na alikuwa na sababu: mwaka 1964 yeye na Belafonte walikwenda Greenwood, Mississippi, wakiwa na dola 70,000 taslimu za kusaidia harakati za haki za raia, wakakimbizwa usiku na gari la Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Filamu hiyo ilishinda Oscar ya filamu bora na Rod Steiger akawa mwigizaji bora. Poitier hakuteuliwa kwa yoyote kati ya zile filamu tatu.

Na hapo hapo juu ndipo lawama zilipomfikia. Mwaka huohuo mwandishi Clifford Mason aliuliza katika New York Times kwa nini Wamarekani weupe wanampenda Poitier kiasi hicho, akadai kwamba wahusika wake ni watu wasio na kasoro, wasio na mapenzi, wasio na kwao, walioundwa ili kumliwaza mtazamaji mweupe. Lawama ile ilikuwa kali, ila haikuwa ya uongo mtupu. Poitier alizikataa nafasi za kudhalilisha watu wake, zikabaki nafasi za malaika, na malaika haigiziki kwa miaka 20 bila kuchosha. Poitier aliumia, akakaa Bahamas kwa muda, kisha akafanya alilolifanya siku zote, yaani kujifunza kazi nyingine. Walipokuwa wakipiga Buck and the Preacher, iliyotoka mwaka 1972, mwongozaji aliondolewa, Poitier akachukua nafasi hiyo mwenyewe. Ilikuwa filamu ya farasi na bastola, kwa hiyo yule mtoto wa Nassau akapata ng'ombe wake. Akaendelea kuongoza vichekesho, na Stir Crazy ya 1980 ilipita dola milioni 100 za mapato, ya kwanza kufika hapo kwa mwongozaji mweusi. Alirudi mbele ya kamera alipotaka, akaiwakilisha Bahamas kama balozi nchini Japani kuanzia 1997 hadi 2007, na akafariki tarehe 6 Januari 2022 akiwa na miaka 94.

Sasa, binti. Kwanza aulize, kwa adabu, mhusika aliyekuwa akisailiwa kumwigiza ni mtu wa wapi. Ikiwa ni msichana wa Kakamega au Nakuru, walikuwa na haki, na kazi ni ya kuongeza lafudhi ya pili. Ikiwa ni msichana wa mjini tu asiye na kwao, basi tatizo ni sikio la msaili, si mdomo wa binti. Ni ajabu kidogo kumfukuza mtoto wa Mvita kwa lafudhi wakati tamthilia kama Sultana, iliyowekwa Pwani, zimevuta watazamaji wa nchi nzima kwa sauti hiyohiyo. Anapokuwa nyumbani aseme "ndoo" na "kuya" kama alivyolelewa. Akipewa nafasi ya karani wa Nakuru, aseme "njoo" na "kuja", na amalize siku akiwa na zote mbili.

Pili, na hili ndilo ningependa alianze kesho, asome kwa sauti. Achukue ukurasa mmoja wa Taifa Leo, habari ya kawaida isiyo na mapenzi wala vita, aupige kalamu ya risasi kila mahali panapostahili pumzi, kisha amsomee mtu aliyekaa upande wa pili wa chumba, asiyeliona gazeti. Msikilizaji arudie alichokisikia. Pale ambapo hakuelewa, mara nyingi si tamko lililoharibu, ni kituo kilichorukwa. Wanafunzi wangu wa Kisauni na Likoni huwa wananiambia wana haraka kwa sababu ndivyo watu wa huku wanavyosema. Nikiwarekodi wakizungumza na mama zao nakuta hawana haraka yoyote. Haraka huja na karatasi. Usailini ndiyo hiyohiyo: hupewa kurasa mbili dakika chache kabla, na mwenye mazoea ya kusoma huwa ameshaingia katika uhusika wakati mwenzake bado anapigana na maneno.

Redio atumie, lakini atumie ya kwetu na ya kwao: asikilize watangazaji wa bara na wa Pwani FM siku moja, amuige kila mmoja kwa sentensi kumi, ajirekodi kwa simu. Na atafute jukwaa mjini, iwe Little Theatre Club au kikundi cha mtaani, maana huwezi kujifunza kunyamaza mbele ya watu ukiwa chumbani peke yako.

Filamu za kuanzia ningemtajia tatu. In the Heat of the Night aitazame mara ya kwanza kama kawaida, na mara ya pili azime sauti katika tukio la nyumba ya maua, pale tajiri Endicott anapompiga kofi mpelelezi Tibbs na Tibbs anamrudishia papo hapo. Atazame mabega na shingo ya Poitier kabla ya kofi, si mkono. Kisha A Raisin in the Sun ya 1961, ambamo si malaika hata kidogo: ni mtu mzima aliyepoteza pesa za familia, anapiga kelele, anapiga magoti, anajidharau mbele ya mama yake. Nikitakiwa kuonyesha ni nini angeweza kufanya kama angeachiwa wahusika wenye kasoro, huonyesha hiyo.

Ya tatu ni ya runinga, Separate but Equal ya 1991, ambamo ni wakili Thurgood Marshall katika kesi ya ubaguzi wa shule. Marshall huyo ndiye aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kuhusu haki za kimsingi katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960. Kazi ya Poitier katika filamu hiyo ni maneno, kurasa kwa kurasa za hoja za mahakamani, na ndiyo shule nzuri kuliko zote ya vile vituo nilivyovieleza. Ina zaidi ya saa tatu, kwa hiyo aigawe kwa siku mbili, kama ilivyogawanywa iliporushwa mara ya kwanza.